Saksafoni ya Kwanza kwa Bajeti ya Kwetu: Nilivyoingizwa Mjini na Laki Sita na Nusu

 

Tangu niweke ile video fupi nikipuliza saksafoni, ujumbe umekuwa ni ule ule kila siku: "Kaka, sax bei gani?" Mmoja yuko Tunduma, mwingine Njombe, mwingine anasema ana laki nne na anataka kuanza wiki ijayo. Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike yote hapa, hata yale ya aibu. Maana hilo swali la bei ndilo nililoanza nalo mimi, na ndilo lililoniponza.

Yote yalianzia kwenye harusi, ukumbi mmoja kule Uyole. Mimi nilikuwa nimeitwa kurekodi matukio kwa simu ili niyarushe kwenye blogu. Basi bwana, maharusi wanaingia, taa zikazimwa, mara ikasikika saksafoni kutoka mlangoni. Jamaa kaletwa kutoka Dar, kavaa suti nyeupe, anatembea taratibu mbele ya bibi harusi huku anapuliza. Ukumbi mzima ukasimama. Wamama wanalia, wazee wanatunza. Baadaye nikasikia alicholipwa kwa ile jioni moja, na kilikuwa kinazidi ninachopata mimi mwezi mzima kwenye kibanda changu cha vifaa vya simu pale Mwanjelwa.

Usiku ule sikulala. Mimi ni kidato cha nne tu, cheti changu hakijawahi kunifungulia mlango wowote. Nikajisemea, hiki kitu hakiulizi cheti.

Nilikuwa na akiba ya laki nne. Nikaingia mtandaoni, nikakuta muuzaji mmoja ana saksafoni mpya kabisa, nyeusi, funguo za dhahabu, sanduku lake, glovu nyeupe, kitambaa, mkanda, kila kitu, laki sita na nusu. Ile picha niliitazama mpaka nikaiweka mbele ya simu yangu. Kilichobaki ilikuwa laki mbili na nusu.

Mama yangu anauza ndizi na maparachichi soko la Soweto, na yuko kwenye kikoba cha wamama wa mtaani kwetu. Nikamweleza. Hakuelewa saksafoni ni nini mpaka nilipomwonyesha video ya ile harusi. Akaitazama yote, akasema, "Mwanangu, wewe hujawahi kuniomba kitu cha kujifunza. Umeomba kiatu, umeomba simu. Hiki nitakukopea." Akachukua mkopo kwa jina lake, miezi minne, na riba yake juu.

Mzigo ukaja kwa basi. Nilivyofungua sanduku majirani walijaa. Kitu kinang'aa! Kila mtu anataka picha.

Sasa kasheshe likaanza kwenye kupuliza. Noti za juu zilitoka kwa kusukuma. Nikishuka chini, kila vidole vinavyozidi kufunga, sauti inakwama, inakoroma, au inaruka yenyewe juu na kupiga kelele. Nikatazama video za mafunzo usiku mpaka vifurushi vikaniisha. Zote zinasema tuliza mdomo, vuta pumzi kutoka tumboni, fanya mazoezi kila siku. Nikafanya. Nikapuliza mpaka mdomo wa chini ukachanika kwa ndani. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hamna kitu. Wale wa kwenye video wanapuliza kama wanapumua tu, mimi naona nyota.

Nikaanza kuamini tatizo ni mimi. Labda mapafu, labda vidole, labda muziki una watu wake. Nilishawahi kufeli darasani, kwa hiyo kufeli tena hakukunishangaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, jinsi nilivyoamini haraka.

Mwezi wa nne binamu yangu akaoa. Familia nzima inajua nina saksafoni, hivyo nikapewa nafasi ya kuwaingiza maharusi. Nilichagua wimbo mfupi, wenye noti chache. Nikafika mlangoni, taa zikazimwa, nikapuliza. Ikatoka sauti moja kali ya kukwaruza, halafu kimya, halafu nyingine. MC akashika kipaza sauti: "Jamani huko jikoni, huyo mbuzi hajachinjwa bado?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mama alikuwa meza ya tatu na wenzake wa kikoba, wote wamevaa sare. Wale wamama hawakucheka. Walitazama chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Marejesho ya mwisho sikuwa nayo. Mama akauza magunia mawili ya mahindi aliyokuwa ameyaweka kusubiri bei ipande. Hakusema neno. Saksafoni ikaenda chini ya kitanda.

Nikaamua kuiuza. Nikaweka tangazo: imetumika kidogo, haina tatizo. Na wadau, sikuwa nadanganya. Niliamini kabisa chombo ni kizima na mbovu ni mimi. Kijana mmoja wa Kihesa, Iringa, akanipigia, tukakubaliana laki tano na nusu, ila akasema, "Siwezi kutuma hela kabla mwalimu wangu hajaiona." Nikapanda basi la alfajiri, nikapita Igawa, Makambako, Mafinga, zaidi ya kilomita 300 na sanduku mapajani. Nikashuka Ipogoro, nikachukua bajaji kupandisha mjini mpaka Kihesa.

Mwalimu mwenyewe ni mzee wa makamo ya babu, zamani alipuliza kwenye bendi za dansi, sasa anafundisha vijana wa kanisani na kutengeneza vyombo vyao. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Kamwene mwanangu, umetoka mbali, kunywa chai kwanza."

Baada ya chai akafungua sanduku. Hakuipuliza. Akaizungusha, akaikagua shingo yake, akabonyeza funguo moja moja huku anasikiliza. Halafu akamwambia yule kijana afunge mlango na pazia. Akachukua tochi ndogo ya kufunga kwa kamba, akaishusha ndani ya tumbo la saksafoni, akafunga funguo zote kwa vidole.

Chumba kilikuwa giza. Saksafoni ikawaka. Mwanga ukawa unatoka pembeni ya vifuniko, huku, kule, chini, juu. Nilihesabu tisa nikaacha.

"Hii si saksafoni mwanangu," akasema. "Hii ni chujio."

Nikabaki nimeduwaa. Akaniuliza nilikuwa naipulizaje noti za chini. Nikamwambia kwa nguvu zote. Akatikisa kichwa: "Ulikuwa unateka maji kwa chujio, halafu unalaumu mkono wako."

Kisha akafungua kabati akatoa ya kwake, alto ya Yamaha ya zamani, rangi imebabuka mpaka shaba inaonekana, ina kibonde karibu na domo. Akaweka ridi mpya, akanipa mkanda. "Puliza ile noti ya chini kabisa, ila usitumie nguvu." Nikafunga vidole vyote, nikapuliza kama mtu anayepuliza chai. Sauti ikatoka nzito, imenyooka, mpaka nikaisikia kwenye mbavu. Nikapuliza tena. Ikatoka tena.

Wadau, nilikaa chini. Miezi minne yote nilikuwa naweza.

Biashara ilikufa palepale, na yule kijana alinionea huruma mpaka akanilipia chakula. Ila tazama tofauti yetu. Yeye alikuwa na mtu anayejua kabla ya kutoa hela. Mimi nilikuwa na picha. Ndiyo maana kila anayeniuliza bei namwambia: kitu cha kwanza cha kutafuta ni mtu, saksafoni inafuata. Chombo kibovu hakikuli hela tu, kinakudanganya kuhusu wewe mwenyewe, na anayeanza hana namna ya kujua.

Nililala Iringa siku mbili. Haya ndiyo niliyofundishwa, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kuumia.

Kwanza, ujue unanunua nini. Saksafoni iliundwa na Mbelgiji Adolphe Sax, akapata hataza yake Paris mwaka 1846. Mwili ni wa shaba, lakini kinachotoa sauti ni ridi, ule ulimi mwembamba wa tete unaofungwa kwenye kipande cha mdomoni. Ndiyo maana wataalamu huiweka kundi moja na klarineti, si tarumbeta. Hii si habari ya mtihani, inagusa mfuko wako. Huku kwetu matarumbeta tumeyazoea, Wamoravian wamekuwepo Rungwe tangu 1891 na bendi zao za kupuliza kanisani zinajulikana, kwa hiyo mtu wa kunyoosha tarumbeta unaweza kumpata. Lakini tarumbeta ya kawaida ina vali tatu. Saksafoni ina vifuniko zaidi ya 20, kila kimoja kina pedi ya ngozi chini yake, na kila kimoja lazima kizibe kabisa. Kimoja cha juu kikivuja, noti zote za chini yake zinaumwa. Fundi wa tarumbeta siyo lazima awe fundi wa saksafoni. Uliza kabla.

Pili, ipi ya kuanza nayo. Ziko nne zinazoonekana sana: soprano, alto, tenor na baritone. Anza na alto. Ni nyepesi kuliko tenor, pumzi yake haichoshi sana, vidole vinafika, na kwa kawaida bei yake iko chini. Ile soprano iliyonyooka inavutia machoni, ila kuiweka kwenye sauti sahihi ni kazi ngumu kwa anayeanza. Tenor ndiyo yenye ile sauti nene ambayo wengi tunaipenda tukimsikiliza Manu Dibango wa Kameruni, au Verckys aliyepuliza OK Jazz kabla ya kuwa na bendi yake ya Vévé. Itakuja zamu yake. Vidole ni vile vile, ukijua alto umeshapiga hatua kubwa kwenye tenor.

Na usijione umechelewa. King Michael Enoch wa Mlimani Park alijulikana kwanza kwa gitaa, saksafoni akaishika baadaye.

Tatu, namna ya kukagua ya mtumba. Mzee aliniandikia kwenye karatasi, nami nawapa kama ilivyo:

Tazama shingo, kile kipande kilichopinda kinachoshika sehemu ya mdomoni. Ikiwa imewahi kubonyezwa chini, bomba lake huwa limelala badala ya kuwa duara. Hiyo achana nayo.

Shusha tochi ndani chumbani gizani, funga funguo zote. Mwanga ukitoka pembeni ya kifuniko, hapo panavuja.

Kama huna tochi ya kuingia, chukua karatasi nyembamba kama ya sigara, iweke chini ya pedi, funga kwa wepesi, vuta. Inatakiwa ing'ang'anie kila upande. Ikichomoka bure, pedi haizibi.

Mpe anayejua kupuliza ashuke mpaka noti ya chini kabisa bila kutumia nguvu. Ile ndiyo noti inayohitaji kila kitu kizibe. Ikikoroma au kuruka juu, kuna tatizo.

Tikisa funguo kwa kidole. Zikicheza kama mlango wa choo cha stendi, zimelika.

Rangi kubabuka si ugonjwa. Kibonde kidogo kwenye domo si ugonjwa. Nyingi zinazong'aa zinaumwa, na nyingi zilizochoka zinaimba.

Nne, gawa bajeti. Usimalize hela yote kwenye chombo kama mimi. Ukiwa na laki nane, tenga angalau laki moja na nusu pembeni: ya fundi kubadili pedi na kurekebisha, ya ridi, ya mkanda mzuri wa shingoni na mafuta ya kulainisha koki. Ridi zina namba, anza na moja na nusu au mbili. Usichukue ngumu kwa sifa. Nazo ni tete, zinachoka na kupasuka, kwa hiyo ni gharama ya kila mara kama vocha. Mimi nilikuwa natumia ridi moja iliyokuja na sanduku kwa miezi minne. Mzee alipoiona alicheka mpaka akakohoa.

Tano, ya wapulizaji wa kanisani na harusini. Alto imewekwa kwenye mi bemoli, haiko sawa na kinanda. Mpiga kinanda akisema wimbo uko G, wewe kwenye alto unapuliza E. Kwenye tenor unapuliza A. Wengi wanaanza, wanasikia vurugu, wanadhani hawana sikio la muziki. Sikio unalo, hesabu tu hukupewa.

Sita, ya sisi watu wa nyanda za juu. Saksafoni ikiwa ya baridi sauti inashuka. Asubuhi ya mwezi wa saba Mbeya au Iringa, puliza pumzi ya moto ndani kwanza dakika kadhaa, ndipo ulinganishe na kinanda. Na ukimaliza ifute ndani, maji ya mdomo yanaua pedi.

Sasa mtauliza, ile nyeusi ilienda wapi? Mzee alisema kuitengeneza kungekula karibu nusu ya bei yake, na chuma chenyewe ni laini, kitapinda tena. Niliporudi Mbeya simu ziliendelea kuja kutokana na lile tangazo. Kijana mmoja wa Makambako alikuwa tayari kutuma laki tano siku ileile, bila kuiona. Nawaambia ukweli, nilishika simu muda mrefu. Laki tano ingerudisha magunia ya Mama na zaidi. Lakini nikafikiria miezi minne ya mtu mwingine, mdomo umechanika, anaamini ni yeye. Nikamwambia inavuja. Akakata simu.

Mwishowe nikaiuza laki mbili kwa studio moja ya picha. Maharusi wanaishika, wanapiga picha, inang'aa kweli kweli. Pale imepata kazi inayoiweza.

Zile laki mbili nikampa Mama. Kisha nikaanza upya, kidogo kidogo. Miezi saba baadaye mzee akanipigia: kuna mtu Iringa amepata mpya, anauza alto yake ya zamani ya Yamaha, ameikagua yeye mwenyewe. Laki tisa, kwa kulipa mara tatu. Kuukuu hiyo! Sanduku lake limefungwa kwa kamba ya katani. Hakuna jirani aliyekuja kupiga picha.

Mwezi wa kumi na mbili wamama wakavunja kikoba, wakaomba nikapulize. Nilienda naogopa kuliko siku ya harusi. Nikapuliza nyimbo mbili tu, za taratibu, nikamaliza kwa ile noti ya chini. Mweka hazina, ambaye alikuwa meza ya tatu siku ile, akaja akanitunza elfu tano, akamgeukia Mama: "Leo mbuzi kachinjwa."

Mama alicheka mpaka akatoa machozi. Sijapata bado malipo kama ya yule jamaa wa suti nyeupe. Nimepata harusi tatu ndogo, na kijana mmoja wa mtaani anayekuja jioni kujifunza. Alikuja ananiuliza bei. Nikamwambia kaa kwanza, puliza hii.

Kwa hiyo, wewe wa laki nne unayetaka kuanza wiki ijayo: subiri. Tafuta kwanza mpulizaji, kanisani, kwenye bendi, popote, mwombe upulize cha kwake mara moja. Ndipo utajua unanunua nini.

Nawasilisha. Kama una fundi wa saksafoni unayemwamini huku nyanda za juu, weka hapo chini mji aliopo ili tuunganishane na wengine. Na kama na wewe ulishawahi kuuziwa kimeo ukajilaumu mwenyewe, tupia stori yako. Tusichekane.